Karatasi Mbili za Zafarani

Tumu alikuja kwangu Dunda, hapa Bagamoyo, siku ya saba baada ya kumzika mama yake, amebeba furushi dogo la kaniki lililofungwa kwa ukindu. Hakukaa mpaka nilipomwambia mara mbili. Ni mwanamke mzima sasa, ana wajukuu, na mvi zake zimezidi zangu, lakini akiingia chumbani kwangu bado husimama kando ya mlango kama mtu anayengoja kutumwa. Nikamwambia, "Kaa, Tumu. Humu hamna bwana." Akacheka kidogo, akaketi mkekani, akalifungua furushi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizoshonwa pamoja pembeni kwa uzi mweusi. Akasema wajukuu zake wanasoma skuli, lakini herufi hizi za Kiarabu hawazijui, wamezigeuza juu chini na chini juu wakashindwa. "Mama alisema nikuletee wewe. Alisema mwenye mkono wake yuko hai." Sikuhitaji kuzisoma. Niliutambua mwandiko kabla sijavaa miwani, herufi moja moja zimekaa mbalimbali kama watu wasiojuana, na mkono wangu wa kulia ukaanza kutoka jasho, kama ulivyotoka nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, nyuma ya pazia la mjomba wangu, watu wote wa barazani wakiningoja.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya Wadachi kuja kukaa mjini, mwaka wa mwisho ambao mashauri ya Bagamoyo yalikatwa na Liwali na kadhi peke yao. Jinsi nilivyofika kuishi nyumbani kwa mjomba ni habari nyingine, siiandiki hapa. Yeye ndiye aliyekuwa kadhi, Shehe Kombo, na nyumba yake ilikuwa na ukumbi mrefu wa mbele uliotandikwa mikeka, ambamo alihukumu tangu jua lipande kidogo mpaka adhana ya adhuhuri. Nyuma ya ukumbi palikuwa na mlango usio na ubao, una pazia zito la bafta tu, na nyuma ya pazia chumba chetu cha wanawake. Humo nilichagua mchele, nilisuka ukili, nilikuna nazi, na masikio yangu yalikuwa upande wa pili siku zote. Sikuijua sura ya mwanamume yeyote aliyeshtaki mbele ya mjomba, lakini niliwajua kwa sauti: anayekohoa kabla ya kusema uongo, anayeapa upesi mno, anayelia kwa sababu ya ardhi na yule anayelia kwa sababu ya ndugu. Leo watu wakiniuliza nimejifunzia wapi sheria za mirathi, nacheka. Nilijifunza nikiwa na mbuzi ya nazi chini yangu.

Mjomba hakuhukumu akiwa na njaa. Kila asubuhi alikula bakuli la uji wa mtama na tende tatu, kisha akaenda ukumbini na kuwauliza wadai, "Mmekula?" Aliyesema hapana, Bi Zena mkewe alimpelekea kipande cha mkate wa kumimina, awe mshitaki au mshitakiwa. Zawadi hakupokea. Mtu mmoja wa Kaole alileta jogoo siku moja kabla ya kesi yake ya mpaka wa minazi, na Bi Zena akampokea bila kujua. Asubuhi, katikati ya shauri, jogoo akawika uani. Mjomba akauliza, "Huyo ni shahidi wa nani?" Watu wakacheka mpaka wakapiga mapaja. Jogoo akaletwa, akapewa mwenyewe, na mjomba akamwambia, "Mshike shahidi wako vizuri, tuendelee." Yule mtu alishinda, maana haki ilikuwa yake, lakini alitoka na jogoo kwapani mbele ya mji mzima. Hivyo ndivyo mjomba alivyokuwa, na watu walimpenda kwa hilo na wengine walimchukia kwa hilo hilo. Alikuwa kadhi tangu kabla sijazaliwa. Maliwali wawili walikuja wakaondoka, yeye alibaki.

Mimi nilikuwa nimehitimu chuoni, nimesoma msahafu, na bibi aliyetufundisha alinitia pia mkono wa kuandika, jambo ambalo wasichana wengi hawakufundishwa. Lakini niliandika polepole mno. Chuoni bibi yule alikuwa akifuta ubao mzima kwa herufi moja iliyokosa nukta, basi nikazoea kuitazama kila herufi kabla ya kuiacha. Mjomba alinitania mbele ya Bi Zena: "Hawa akiandika barua ya rambirambi, mfiwa atakuwa ameshaoa tena." Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nilikuwa na haya nyingi. Nilipendelea kukaa kimya siku mbili kuliko kusema neno litakalofanya watu wanigeukie.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa Bi Salama, mjane wa Kiarabu, mwenye shamba la minazi na nyumba ya mawe. Hakuwa na mtoto. Mrithi wake alikuwa Bwana Nasoro, mtoto wa kaka yake, aliyekaa Unguja na kumiliki mashamba ya karafuu Pemba. Aliyemuuguza Bi Salama alikuwa Zafarani, mtumwa wake tangu utotoni, mwenye binti wa miaka kama sita, ndiye Tumu huyu. Siku ya Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri alikuja mtu mbio: Bi Salama anataka kuwaacha huru Zafarani na mwanawe, na anataka iandikwe. Karani wa mjomba alikuwa kitandani na homa. Tena Bi Salama alikataa mwanamume asiye jamaa yake amwone amelala. Mjomba akafikiri kidogo, akaniita. "Nenda wewe. Wanaume wawili watakaa nyuma ya pazia wasikie. Wewe andika tu anachosema." Wale wawili walikuwa Mwinyi Chande, mshona kofia, na Fundi Mbaraka, mchonga milango, majirani wa miaka mingi walioijua sauti ya Bi Salama kama sauti za mama zao.

Chumba kile nakiona hadi leo. Kitanda cha miguu mirefu, chetezo chenye makaa yaliyokufa, bakuli la uji wa mchele halijaguswa, lina ngozi juu yake. Bi Salama alikuwa mdogo kama mtoto chini ya shuka. Zafarani alikaa miguuni pake, akiikanda kwa mafuta. Bi Salama akasema kwa sauti ambayo sikutegemea, ya juu na safi: "Zafarani ni huru kwa ajili ya Mungu, na mwanawe Tumu ni huru, na asiwepo wa kuwadai baada yangu." Nyuma ya pazia Mwinyi Chande akasema, "Tumesikia, Bibi." Fundi Mbaraka naye akasema, "Tumesikia." Kisha nikainamisha kichwa, nikaanza kuandika.

Niliandika kama nilivyozoea. Bismillahi peke yake ilinichukua muda. Jina lake na la baba yake na la babu yake, kabila lake, mji wake, kwamba ana akili timamu, kwamba hakulazimishwa, maneno yote ambayo karani huyaweka na ambayo niliyajua kwa kuyasikia nyuma ya pazia. Kulikuwa kimya. Mara moja nilisikia pumzi ndefu kutoka kitandani, nikadhani amelala, nikafurahi kwamba hataniona nikichelewa. Nikafika kwa jina la Zafarani, nikafika kwa jina la Tumu, nikaandika majina ya mashahidi. Adhana ya magharibi ikalia. Wale wanaume wawili wakanong'onezana, wakaondoka kwenda msikitini. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, wa siku. Hapo nikafanya kosa langu, na nililifanya kwa kujali, siyo kwa uzembe. Kwetu siku haianzi alfajiri wala usiku wa manane. Jua likizama, siku mpya imeingia. Adhana ilikuwa imelia, basi nilijiambia kwamba Alhamisi imekwisha, na mwandishi mwaminifu haandiki siku iliyokwisha. Nikaandika: siku ya Ijumaa. Nikaweka kalamu chini, nikainua kichwa. Zafarani alikuwa bado ameishika miguu ya bibi yake, ananitazama mimi. Alipoona kalamu iko chini, ndipo akapiga ukelele.

Wakili wa Bwana Nasoro hapa mjini aliingia upesi, kabla hata ya isha, kuyafunga makasha ya marehemu, kama ilivyo desturi. Akaiona karatasi kando ya wino, akaichukua. Mimi nilikimbilia nyumbani kwa mlango wa uani. Waosha maiti, walioitwa mara baada ya ule ukelele, walisema waliikuta miguu imeshapoa, kwamba alikufa kabla ya adhana. Nililisikia hilo kesho yake matangani, kati ya sahani za pilau, mwanamke akimwambia mwenzake, nikalirudisha tonge sahanini. Basi niliandika kwa ajili ya maiti. Nilidhani karatasi iliyomalizwa baada ya mwenyewe kufa haina nguvu, kwamba kama ningekuwa na mkono mwepesi ingekuwa na nguvu, na kwamba Zafarani na mwanawe watabaki watumwa kwa sababu ya nukta zangu.

Siku ya tano Bwana Nasoro alifika kutoka Unguja. Alisema karatasi ni ya uongo, na kwamba Zafarani na Tumu wataondoka naye kwenda Pemba mara tu shauri likikatwa. Mjomba akapanga kusikiliza kesho yake. Mchana ule tulikula wali wa nazi na mchuzi wa papa, na achari ya embe aliyotia Bi Zena. Mjomba alikula pamoja nasi siku hizo, kwa kuwa karani alikuwa mgonjwa na nyumba ilikuwa shwari. Akiwa ananawa mikono, bila kunitazama, akaniuliza, "Hawa, ile karatasi ulimaliza kuiandika lini?" Maji yalikuwa yakitiririka kwenye bakuli. Nikasema, "Palepale, Mjomba." Akaninyooshea mkono nimpe kitambaa. "Palepale Bibi aliposema?" "Naam." Akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema, "Alhamdulillahi," akainuka. Bi Zena alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaanza kukusanya sahani.

Jioni Zafarani alikuja uani kwetu kuomba moto wa kuwashia jiko. Moto ulikuwa kisingizio, kila nyumba ilikuwa na makaa. Akachuchumaa karibu yangu, akaniamkia. "Nashika miguu, bi mdogo. Mbona hunitazami?" Akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua amekwisha. Nilijua mapema, jua likiwa bado dirishani. Miguu ilikuwa mikononi mwangu. Nilinyamaza umalize." Nikamwambia kwamba nimemdanganya mjomba. Akafikiri, akipuliza kaa alilolishika kwenye kifuu. "Basi na mimi nitasema ulimaliza palepale. Tutakuwa wawili." Nikamwuliza, je, wakijua? Akasema, "Wakijua, mimi nitakwenda Pemba. Wewe utagombezwa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayegawa kazi za nyumbani. Kisha akaondoka na kaa lake. Nyumbani kwetu nako walikuwapo watu kama Zafarani, waliopika uji ule wa mtama, na katika mwaka ule wote sikuwahi kujiuliza karatasi zao ziko wapi. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Nilijua kwa joto lililopita chini ya pazia. Bwana Nasoro alikuwa na sauti laini, ya mtu asiyezoea kurudia neno. Akaisoma karatasi yote, akafika mwisho, akasimama hapo. "Shehe, shangazi yangu alikufa lini?" Mjomba akasema, "Alhamisi, kabla ya magharibi. Waosha wameshuhudia." "Na karatasi hii ni ya siku gani? Tazama mwenyewe." Mjomba hakuwahi kuiona karatasi ile, wakili aliichukua kabla haijamfikia. Nilimsikia akivuta pumzi. Bwana Nasoro akamwita Mwinyi Chande. "Siku ya Ijumaa, baada ya magharibi kuingia, ulikuwa wapi?" "Msikitini." "Ulimsikia shangazi yangu akisema neno lolote Ijumaa?" "Ijumaa sikumsikia. Nilimsikia Alhamisi." "Sikuulizi Alhamisi. Karatasi inasema wewe ni shahidi wa Ijumaa. Utaapa?" Mwinyi Chande alikuwa mtu mcha Mungu, hakuweza kuapia siku asiyokuwapo. Akasema, "Siapi Ijumaa." Fundi Mbaraka naye akasema, "Siapi. Lakini neno tulilisikia." Bwana Nasoro akasema, "Pengine walisikia neno fulani siku fulani. Mtu mgonjwa husema mengi. Lakini karatasi hii imeandikwa baada ya shangazi yangu kufa, na imeandikwa na mtu wa nyumba hii. Maiti haachi watu huru."

Kisha nikamsikia mjomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mahali penye uhakika. "Mwandishi ni mtoto wa dada yangu. Nimemwuliza. Alimaliza palepale marehemu aliposema." Bwana Nasoro akauliza kwa upole, "Kama alimaliza palepale, Shehe, Ijumaa imetoka wapi?"

Nilisikia shanga za tasbihi zikisimama. Nikachungulia upenyo wa pazia, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu, nikamwona Zafarani amekaa chini karibu na mlango wa nje, Tumu mapajani, na mkono wa Zafarani ukiwa juu ya kichwa cha mtoto, umefunguka wote, kama kifuniko. Alikuwa akitazama pazia. Bi Zena alikuwa nyuma yangu na ungo wa mchele. Akaniambia taratibu, "Kama una neno, mwanangu, huu ndio wakati wake. Kesho litakuwa neno la kwako peke yako."

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama si yangu, na ukumbi mzima ukageuka, nilisikia mikeka ikikwaruza. "Sikumaliza palepale, Mjomba. Nilisema uongo. Bibi alisema baada ya alasiri, nikaanza kuandika, na nilikuwa bado naandika adhana ilipolia. Ndiyo maana nikaandika Ijumaa." Mtu mmoja akasema, "La haula." Bwana Nasoro akacheka kidogo. "Sasa uongo ni upi, Shehe? Wa jana au wa leo? Na tangu lini wasichana wanatoa ushahidi katika jambo hili?"

Mjomba hakusema nami, alisema na Bwana Nasoro. "Simsikilizi kama shahidi. Mashahidi ni hawa wawili, na neno la kuacha huru hutoka mdomoni. Wino huja nyuma, na ukichelewa hauliondoi. Swali lililobaki ni moja, ulilolileta wewe: karatasi hii ilianza kuandikwa Alhamisi mashahidi hawa wakiwapo, au iliandikwa yote Ijumaa? Wakili wako aliichukua lini?" Wakili akasema, kabla ya isha. "Ilikuwa imekamilika?" "Imekamilika." "Basi kama ni ya uongo, iliandikwa yote Ijumaa yako hiyo, baina ya magharibi na isha. Unakubali?" Bwana Nasoro akafikiri, akaona hapana tundu, akasema, "Nakubali." Mjomba akasema, "Kila mtu hapa anajua kwamba baina ya magharibi na isha msikitini kwetu husomwa juzuu mbili. Atasoma mwalimu wa msikiti hapa juzuu mbili, kwa mwendo wa kila siku. Na huyu ataandika karatasi ile ile. Tuone."

Bwana Nasoro akasema, na alikuwa na haki, "Atachelewa kwa makusudi." Mjomba akamwambia achague mwanamke wa upande wake akae nami. Akaletwa mke wa wakili, Bi Raya, mwenye macho makali na bangili nyingi, akaketi goti kwa goti nami. Karatasi tupu ikapitishwa chini ya pazia, na ile ya kwanza pamoja nayo ili niinakili. Mjomba akasema kutoka upande wa pili, "Hawa. Andika kama unavyoandika. Si zaidi, si kasoro." Mwalimu akaanza kusoma.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezaa, nimezika, lakini sijapata saa ndefu kama ile. Nilijua kwamba kuchelewa kutamfaa Zafarani, na kwa kuwa nilijua, mkono wangu ukataka kukimbia. Niliogopa kuonekana nadanganya. Kila nilipoharakisha, herufi ilipinda, na Bi Raya aliinamisha kichwa akailinganisha na ile ya zamani, bangili zikilia. "Hii si kama ile," alisema mara moja, "ile ina nukta mbili." Basi nikairudia vizuri. Jasho lilidondoka kwenye ncha ya pua yangu nikalikinga kwa kiganja cha kushoto lisiangukie wino. Upande wa pili kahawa ilipitishwa, nikasikia vikombe. Mwalimu alimaliza juzuu ya kwanza, akakohoa, akaanza ya pili. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusinzia, "Anaandika au anasuka mkeka?" Mwingine akamjibu, "Mkeka ungekuwa umeshalaliwa." Wakacheka, na safari ile kicheko hakikuniuma, maana nilikuwa katikati ya jina la babu yake Bi Salama, na jina lile lilikuwa na herufi ngumu. Nimejiuliza mara nyingi kama mkono wangu ulikuwa mwaminifu kabisa. Sijui. Najua tu kwamba sikupumzika.

Mwalimu akafunga msahafu. Mjomba akasema, "Acha kalamu." Nikaacha. "Umefika wapi?" "Mstari wa sita." Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na sita. Mjomba akamwuliza Bi Raya, "Binti yangu, umemwona akizembea?" Tulisikiliza sote. Mume wake alikuwa ukumbini, na Bwana Nasoro ndiye aliyewalisha. Bi Raya alinitazama usoni, akatazama kiganja changu kilicholowa. Akasema, "Hapana, Shehe. Huu ndio mwendo wake. Mungu amsaidie siku ya kuandika barua ya posa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mjomba hakucheka. Akasema, basi karatasi ilianza Alhamisi, akawaita mashahidi tena, akawaapisha kwa siku hiyo, wakaapa. Thuluthi ya mali, ambayo ndiyo tu mgonjwa wa kufa anaruhusiwa kuitoa, ilitosha, hilo halikubishwa na mtu. Akatamka kwamba Zafarani na mwanawe Tumu ni huru tangu neno la Bi Salama. Nikamsikia Zafarani, si kilio wala shangwe, alisema tu, "Inuka, Tumu," na nyayo zao zikatoka.

Mchana ule mjomba hakula. Bi Zena alifunika sahani yake, akafunua, akafunika. Mimi nilikaa kwenye kona nikingoja kugombezwa, maana nilikuwa nimemfanya aseme uongo mbele ya baraza lake, yeye aliyerudisha hata jogoo. Mwisho akaja, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mtu mzima yule, na magoti yakapanda karibu na kidevu. "Nakujua unavyoandika," akasema. "Nimekutania kwa hilo miaka miwili. Ukaniambia palepale, nami nikasema alhamdulillahi. Angekuwa mtu mwingine, ningemwuliza mara tatu." Nikasema, "Nisamehe, Mjomba." Akasema, "Wewe nimeshakusamehe palepale kwenye pazia. Nasema habari zangu." Akachukua tende moja, akaishika tu. "Nililipenda jibu. Kadhi akilipenda jibu kabla ya kulipima, kazi imemwisha."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Lakini baada ya mwezi alimwandikia Liwali akiomba kuondolewa. Bwana Nasoro naye alikuwa ameshapeleka mashtaka, kwa hiyo watu walisema amefukuzwa, na mjomba hakujisumbua kuwasahihisha. Ukumbi ukawa wa kuanikia mihogo. Mwaka uliofuata bendera ngeni ikapandishwa, mizinga ikapiga, na kadhi mpya alihukumu kwa muda mfupi sana. Mjomba alihamia shamba lake njia ya Kerege, akafia huko. Aliyemwosha miguu katika ugonjwa wake wa mwisho alikuwa Bi Zena, na Zafarani alikuja kwa miguu kutoka Kaole kumsaidia, bila kuitwa na mtu.

Haya yote nilimsomea na kumsimulia Tumu juzi, polepole, na chai ikapoa. Karatasi ya kwanza niliisoma mpaka Ijumaa. Ya pili niliigeuza nikaona kitu ambacho sikukijua: mgongoni, kwa mwandiko wa haraka wa mjomba, alikuwa ameandika kwamba karatasi hizi mbili zisitenganishwe, kwa kuwa ya pili ndiyo inayoisadikisha ya kwanza. Yeye ndiye aliyezishona. Tumu akaniomba nimwonyeshe jina la mama yake. Nikamwonyesha, katika mstari wa sita, neno la mwisho. "Na langu?" Nikamwonyesha kwenye ile ya kwanza. "Katika hii nyingine je?" Nikamwambia halimo, nilisimamishwa kabla sijalifikia. Akaitazama ile nafasi tupu muda mrefu, mwanamke mwenye wajukuu, kisha akasema kama anayeomba chumvi, "Kalamu unayo?"

Ninayo. Wino nilikuwa nao pia, ingawa ilibidi kuutia maji. Macho yangu si yale na mkono umezidi uzito. Nikamwambia, "Nitakuchelewesha, Tumu. Watu wako watakutafuta." Akajinyoosha kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akakunja miguu chini ya kanga. "Wajua nimetoka Kaole kwa miguu," akasema. "Sina haraka." Nikamwuliza leo ni siku gani. Akasema Jumatano. Nikatazama dirishani, jua lilikuwa bado juu ya makuti ya jirani. Nikaiandika Jumatano kwanza, chini kabisa ya karatasi, kisha nikapanda hadi mstari wa sita.